Laptopu Hupanda Ngazi Bila Mwenyewe

Majirani zangu wa Kawangware, Nairobi, wanaamini kwamba fundi wa laptopu ni mwongo wa kuzaliwa. Ukimpelekea mashine atakuambia kesho. Ukirudi kesho utaambiwa spea iko njiani. Na ukishalipa, mashine itakutumikia mpaka umsahau fundi, halafu itazima kwa ugonjwa uleule. Siwatetei mafundi wote; wamo matapeli, na wengine nawajua kwa sura. Lakini nimekula kwa mashine za kuandikia tangu nilipoajiriwa sekretari katikati ya miaka ya 1980, leo nina biro yangu ya kupiga chapa na kutoa nakala, na nimekalia vibao vya mafundi vya kutosha kujua kwamba ile "kesho" ina historia yake. Ukiifuata historia hiyo utapita Luthuli Avenue, utapanda ngazi nyingi zenye giza, na utafika hadi kwenye viwanda vya Asia.

Mimi nilianza na taipureta. Fundi wetu alikuwa na mkataba na ofisi, akija na mkoba wa ngozi, chupa ya mafuta na brashi ya manyoya magumu. Aliilaza mashine juu ya gazeti la jana, akapukuta makombo ya kifutio, akanyoosha mkono wa herufi uliopinda, akapiga mstari mmoja wa majaribio na kunirudishia kabla chai haijapoa. Wepesi wake sikuuona kuwa ajabu. Herufi isipopanda, unakiona kilichoizuia. Hata mimi niliweza kumwonyesha kwa kidole.

Redio nazo zilikuwa na watu wao, na watu hao walikuwa Luthuli na River Road. Luthuli Avenue imepewa jina la Albert Luthuli, kiongozi wa ANC ya Afrika Kusini aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 1960, mtu mpole kwa sifa zake zote. Sijui angesema nini kuhusu barabara ambayo kila duka lilishindana kuzima sauti ya jirani kwa spika kubwa zaidi. Nyuma ya kelele hizo walikaa mafundi. Ndani ya kifuniko cha nyuma cha redio nyingi za vali, kiwanda kilikuwa kimebandika mchoro wa saketi: kila rezista, kila kapasita, na volti inayotakiwa kusomeka mahali gani. Fundi aliyesoma umeme pale Kenya Polytechnic na fundi aliyefunzwa na mjomba wake uani walisoma karatasi ileile. Mchoro ulikuwa mali ya mwenye redio. Naomba msomaji aishike karatasi hiyo, maana kupotea kwake ndiko kulikotufikisha hapa.

Mwaka 1993 serikali ilifuta leseni za kuagiza bidhaa na kulegeza udhibiti wa fedha za kigeni. Waliosoma uchumi wataeleza mengine. Mimi nilichokiona ni kompyuta. Zilifika ofisini kwetu zikiwa nzito na za rangi ya maziwa yaliyolala, na taipureta zikapelekwa stoo. Mkoba wa ngozi haukuonekana tena. Kampuni iliyotuuzia kompyuta ilileta kijana mwenye tai, naye akifungua kasha alichomoa kadi nzima na kuchomeka nyingine. Hakukarabati kitu. Alibadilisha, akaondoka na ile mbovu, na ofisi ikaletewa bili. Nadhani hapo ndipo kazi ya ufundi ilipogawanyika mara ya kwanza Nairobi: huku wanaobadilisha, kule wanaorekebisha.

Mgawanyiko wa pili ulikuwa wa kuta. Katika miaka hiyo ya 1990 na iliyofuata, maduka makubwa ya katikati ya jiji, yale ya kaunta ndefu ya mbao na mwenye duka Mhindi akiwa kwenye stuli nyuma yake, yalianza kukatwakatwa. Wengi wa wenyewe walikuwa wamesogea Westlands, ambako Sarit Centre ilifunguliwa mwaka 1983. Duka moja likagawiwa watu kumi au zaidi kwa mbao na vioo, tukaviita vyumba hivyo egzibisheni. Nguo zilitangulia, simu zikafuata, kisha kompyuta. Kibanda hakizidi upana wa mtu aliyenyoosha mikono. Kodi yake ni kali, na kabla ya kodi kuna gudwili, donge la pesa analolipa mpangaji mpya ili tu aachiwe nafasi. Mtu aliyelipa gudwili hawezi kujaza kibanda mashine za kutengenezea. Nafasi ile ni ya kuuza na kupokea wateja.

Basi vifaa vya kazi vikapanda juu. Blowa ya kupuliza hewa moto, darubini, mashine ya kupima umeme wa bodi, vyote viko ghorofa ya tatu au ya nne ya jengo lisilo na lifti, ambako chumba ni rahisi na mteja hafiki. Chini kwenye kibanda anakaa fundi unayemjua. Huyo atabadilisha kioo, kibodi, betri, hinji, atasafisha feni na kuweka Windows upya, tena kwa haraka na vizuri. Tatizo likiwa ndani ya bodi, anaichomoa, anaifunga kwa plastiki ya mapovu na kumpa kijana aipeleke juu. Ganda la laptopu linabaki rafuni likiwa na kipande cha selotepu ya karatasi kilichoandikwa jina lako na namba ya simu. Bodi yenyewe imekwenda bila jina.

Fundi wa juu anapokea bodi kutoka vibanda vingi vya mitaa kadhaa. Hakujui, wala hajui kwamba wewe una ripoti ya kanisa ya kuchapwa kufikia Jumapili. Foleni yake inapangwa kwa kumjali anayemletea kazi nyingi. Ukimpigia simu fundi wako wa kibandani, naye hajui bodi imefikia wapi, kwa sababu yeye mwenyewe ni mteja huko juu. Anasema kesho kwa kuwa na yeye ameambiwa kesho. Na hatakutajia jina la fundi wa juu, maana ukilijua utapanda mwenyewe na faida yake itakwisha. Siri hiyo, ambayo majirani zangu huiita uongo, mimi naiona ni ulinzi wa riziki ya mtu anayelipia kodi upana wa mikono miwili.

Pesa nayo hupanda ngazi hizohizo. Katika mnyororo huo mzima hakuna mwenye mtaji wa kukununulia spea kabla hujalipa. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, mambo yalirahisika: unatuma deposit ukiwa Kawangware, inagawanywa, kipande kinakwenda kwa muuza chipu, kipande kwa fundi wa juu. Kabla ya hapo ilibidi upande matatu namba 46, upite Yaya na Hurlingham hadi mjini, utoe noti mkononi, urudi ulivyokuja, na laptopu ikiwa haijaguswa.

Hayo ndiyo ya kuchelewa. Ugonjwa unaorudi ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wa Luthuli wanapodhulumiwa kabisa na masimulizi ya mtaani.

Nilipofungua biro, mwanzoni mwa miaka ya 2000, nilinunua kompyuta za mezani zilizotumika Ulaya, zile ambazo kila mtu aliziita ex-UK. Saiba zote zilizochipuka mjini na mitaani zilijaa mashine za namna hiyo, na mashirika kama Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002, yalikuwa yakizifufua na kuzipeleka shuleni. Baada ya muda za kwangu zikaanza kujizima. Zilizimika bila kuaga, zikawaka, zikazimika tena. Kampuni iliyozitengeneza sitaitaja. Kijana aliyesomea kompyuta chuoni alilaumu virusi, akafuta kila kitu na kuweka programu upya. Zikazimika tena.

Aliyenifumbulia fumbo alikuwa mzee wa redio. Alikuwa amekata nafasi ndogo River Road baada ya kazi ya televisheni kupungua, akafungua kasha, akainama, na kabla ya kushika kifaa chochote akasema, "Siste, tazama vichwa." Kwenye bodi kuna kapasita, vijikopo vidogo vya alumini vyenye alama ya msalaba juu. Vichwa vyake vinatakiwa viwe bapa. Vyangu vilikuwa vimevimba, na viwili vilikuwa vimetoka uchafu wa rangi ya kahawia. Mzee yule aliujua ugonjwa huo kutoka kwenye televisheni. Alivichomoa, akatia vipya vya bei ya mandazi, na mashine zikadumu mpaka nilipozichoka.

Baadaye dunia nzima ilijua. Viwanda kadhaa vya Asia vilikuwa vimetia ndani ya kapasita maji ya kemikali yaliyochanganywa vibaya. Yakitumika yalitoa gesi, kopo likavimba na kupasuka. Nyaraka za mahakama ya Marekani zilizoripotiwa na gazeti la New York Times mwaka 2010 zilionyesha kwamba Dell peke yake, kati ya Mei 2003 na Julai 2005, iliuza kompyuta zisizopungua milioni 11.8 aina ya OptiPlex zilizokuwa katika hatari ya kasoro hiyo, na Dell haikuwa peke yake. Kwa hiyo huku fundi akiitwa mwizi, mashine ilikuwa imebeba ugonjwa kutoka kiwandani, ukahesabiwa, ukajadiliwa mahakamani ng'ambo, na kwetu ukaitwa kazi mbovu ya Luthuli. Raundi ile mafundi wa redio walishinda, na sijaona mtu akiwashukuru.

Raundi iliyofuata walishindwa. Tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku madini ya risasi katika solda ya vifaa vingi vya elektroniki. Kwa afya ni jambo jema, sina ugomvi nalo. Lakini solda ya zamani ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, na ile mpya kwenye nyuzi 217 hivi. Mikono iliyozoea joto la kwanza ilikutana na chuma kisichotii. Ukiongeza joto bila kujua, unaunguza bodi na kung'oa njia za shaba. Wakati huohuo laptopu zilikuwa zinachukua nafasi ya kompyuta za mezani, na chipu zake hazina miguu ya kuonekana. Zimekaa juu ya mamia ya vipira vya solda vilivyofichika chini ya matumbo yake. Na ile karatasi ya mchoro ya enzi za redio haikuja nazo.

Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu zake za picha za laptopu zilizokuwa zikifa mapema kwa sababu ya udhaifu wa malighafi za kuziunganisha. Zilikuwa ndani ya baadhi ya laptopu za HP, Dell na Apple. Kila ukiwasha, chipu inapata moto, ukizima, inapoa, na kila mara viungo vyake vya ndani vinavutwa kidogo mpaka vinapata ufa. Dalili yake kila aliyeishi Nairobi miaka hiyo anaijua: taa zinawaka, feni inazunguka, kioo kinabaki cheusi.

Dawa iliyopatikana ghorofani ilikuwa ni kupuliza. Bodi inafunikwa karatasi ya alumini, chipu inaachwa wazi, blowa inashushwa, na baada ya dakika chache picha inarudi. Mwenye laptopu analipa kwa furaha. Kilichotokea ni kwamba joto limeufumba ufa kwa muda tu, na ufa wenyewe uko ndani ya chipu, mahali ambapo blowa haiwezi kuunganisha chochote kwa kudumu. Wiki kadhaa zikipita, kioo kinakuwa cheusi tena. Wajuzi zaidi walinunua mashine za kung'oa chipu na kuipandikiza upya kwa vipira vipya; nayo ikarudi ikafa, kwa kuwa vipira vya nje havikuwa na kosa. Hata ukinunua chipu nyingine, huenda imetoka kwenye shehena ileile ya zamani. Marekani wateja walishtaki, na suluhu ya mwaka 2010 ikawapa walionunua huko matengenezo au mashine mbadala. Laptopu ileile ilipofika Moi Avenue kama ex-UK, na bei yake ikakufurahisha, haki hiyo haikuwa imepakiwa pamoja nayo.

Hapo nina lawama yangu. Wengi wa waliopuliza walijua itarudi. Wangeweza kusema, "Mathe, hii nakupa mwezi mmoja, toa kazi zako uhifadhi." Wachache walisema. Waliobaki walitoa warantii ya mdomo na kuzima simu, na jina baya walilolipata kwa chipu ile linawafuata vijana ambao wakati huo walikuwa darasa la tatu.

Stima yetu nayo huua mashine, ila sitaikalia sana. Mwaka 2000 ukame ulileta mgao mkali, na mashine nyingi ziliumia umeme uliporudi kwa kishindo kuliko ulipokatika. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ilitangaza kwamba tumbili alinusurika. Laptopu zilizopiga shoti siku hiyo hazikutangazwa na mtu.

Upande wa magharibi wa jiji uliingia kwenye hadithi hii kwa milango miwili. Westlands ndiko ziliko huduma rasmi, zenye kiyoyozi, fomu ya kujaza na kiti cha kusubiria. Kule hakuna anayepuliza. Wanakuandikia bei ya bodi nzima, mara nyingi inakaribia bei ya laptopu nyingine, na bodi ikiagizwa ng'ambo utasubiri kuliko Luthuli, ila utasubiri kwa adabu. Mlango wa pili ni Ngong Road. Machi 2010 iHub, kituo cha vijana wa teknolojia, kilifunguliwa katika jengo la Bishop Magua Centre, nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zikiwa zimefika Mombasa mwaka mmoja kabla, na vijana wa Kilimani wakaanza kuishi kwa laptopu tangu asubuhi mpaka usiku. Wengine wa huku kwetu, Kawangware na Kangemi, wakapata kazi za mtandaoni: kuandika, kunakili sauti, baadaye kuweka alama kwenye picha za kufundishia mashine, mpaka jukwaa la Remotasks lilipowafungia Wakenya ghafla Machi 2024. Kwa watu hao laptopu ikilala kwa fundi wiki moja, ni kodi ya nyumba imelala.

Corona iliupima mnyororo ule wa mafundi na spea na kuukata. Shule zilifungwa Machi 2020, kila mzazi akatafuta laptopu, na ndege za abiria kutoka ng'ambo zikasimamishwa tarehe 25 ya mwezi huo hadi Agosti 1. Spea nyingi ndogo zilikuwa zikija katika masanduku ya wafanyabiashara wanaokwenda Dubai na Guangzhou. Sasa hazikuja. Bei ya bodi mbovu ikapanda, kwa sababu laptopu iliyokufa ndiyo ghala pekee lililobaki. Ikachinjwa kama gari la Grogan, kwa wauza spea za magari, hinji huku, kioo kule, chipu moja moja. Aprili hadi Julai hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi, na usiku kulikuwa na kafyu. Fundi aliyekuwa ng'ambo ya mpaka wa zuio alibaki nje, bodi za watu zikabaki ndani, ghorofa ya nne, chumba kimefungwa kwa kufuli.

Nadhani ni hapo baadhi ya waliokuwa juu walipoamua kushuka. Blowa za Kichina zilikuwa zimeshakuwa rahisi. Michoro ya bodi, ile karatasi iliyopotea tangu enzi za redio, ikapatikana tena kwa mlango wa uani: mafaili yaliyovuja viwandani, yanayouzwa na kugawiwa kwa simu, na video za mafundi wa Kihindi wanaofundisha kupima volti hatua kwa hatua. Vijana waliojifunzia kwenye simu, ambako kila kitu ni kidogo kuliko punje ya mtama, waliona bodi ya laptopu ni uwanja mpana.

Mmoja wao ana chumba hapa Kawangware, si mbali na steji ya Congo. Ana darubini, mita mbili za kupimia umeme, na kisanduku cha bodi zilizochinjwa zilizopangwa kwa miaka. Huniita shosho, cheo nilichopandishwa na mafundi baada ya siste na mathe. Nikimpelekea mashine anaifungua mbele yangu, na sharti langu ni kwamba bodi isiondoke mtaani bila mimi kuambiwa inakwenda kwa nani. Mara nyingi haiondoki. Laptopu mpya zinamshinda kwa namna nyingine: RAM imechomelewa kwenye bodi, diski wakati mwingine nayo, kwa hiyo kilichokuwa kazi ya bisibisi kimekuwa kazi ya blowa, na bei imepanda kufuata.

Juzi nilimpelekea ya mpwa wangu, inajizima ikipata joto. Akapima, akafungua mchoro kwenye kioo chake, akanionyesha kichipu kiitwacho mosfeti karibu na tundu la chaji.

"Hii ninayo kwa bodi ingine, shosho, lakini hiyo bodi pia ilikufa na joto. Nikitoa huko nitakuwa nakuwekea mgonjwa mwingine. Nunua mpya, mia tatu, nitume kijana tao."

"Na kijana atarudi lini?"

"Leo. Jam ikiwa mbaya Valley Road, kesho."

Nikamtumia mia tatu na nauli.